Simba aliruka ukuta usiku wa fataki. Mwaka huu nifanyeje?

"Daktari, hujambo. Tunaishi Kahawa Sukari. Tuna mbwa dume wa miaka mitano, Simba, kilo kama 20, mchanganyiko wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, na paka mmoja wa kike. Usiku wa kuamkia mwaka huu, fataki zilipoanza, Simba aliruka ukuta akapotea siku mbili. Tulimpata upande wa Githurai akiwa na kidonda mguuni. Desemba hii tunaenda Kakamega kuanzia tarehe 21 hadi tarehe 3 Januari. Jirani ananiambia nimwachie soja vidonge vya Piriton ampe usiku ule alale. Mume wangu anasema afungwe mnyororo na asibembelezwe, eti tutamzoesha uoga. Halafu siku za sherehe humpa mifupa yote ya mbuzi, anasema mbwa ameumbiwa mifupa. Tufanye nini? Na paka je, tumbebe?"

Dada, umeuliza mambo manne kwa mkupuo, lakini moja ndilo zito kuliko mengine: usiku wa tarehe 31 Simba atakuwa na nani, na mwili wake utakuwa katika hali gani fataki zitakapoanza. Mifupa na paka nitafika huko. Nianze na hili kwa sababu mashauri uliyopewa, ya jirani na ya mume wako, yana kasoro moja. Yote yanaichukulia hofu kama utundu, kitu cha kufungwa, kulazwa au kupuuzwa. Simba hakuruka ukuta kwa ukaidi, na hakuna kati ya hayo matatu kitakachomzuia asijaribu tena.

Hebu tuangalie kilichompata. Sikio la mbwa hunasa sauti za hadi Hertz 45,000 hivi, ilhali letu huishia karibu na 20,000, na hata sauti ndogo mbwa huzipata kutoka mbali kutuzidi. Sasa mpe mlipuo usio na taarifa. Radi angalau hutanguliwa na upepo, giza na harufu ya mvua. Fataki huja ghafla, kutoka pande zote, na mwanga na harufu ya baruti juu yake. Ubongo unapoamua kwamba hii ni hatari ya kufa, tezi zilizo karibu na figo humwaga adrenalini. Moyo hukimbia, mboni hupanuka, damu hupungua tumboni na kupelekwa kwenye misuli ya miguu. Ndiyo maana mbwa aliye katika hali hiyo hukataa hata nyama, na haitiki jina lake. Mwili wake umeandaliwa kwa kazi moja tu, kukimbia, na ukuta wa futi saba si kitu kwa mbwa wa kilo 20 mwenye adrenalini. Kelele zikishaisha, homoni nyingine, kortisoli, hubaki juu kwa muda. Wapo wanaoshinda siku ya pili wakihema, wakitetemeka na kukwepa chakula.

Kuna imani kwamba mbwa "atazoea". Simba anaishi kando ya Thika Road, matatu zinapiga honi kutwa, wala hashtuki. Kwa nini basi asizoee fataki? Kwa sababu honi alizisikia tangu mdogo, kila siku, kwa kiwango anachokimudu, bila kudhurika. Fataki huja mara chache kwa mwaka, kwa kishindo kikubwa, na kila mara humkuta tayari amejawa na hofu ya safari iliyopita. Kwa mbwa wengi mwenendo huo hauleti mazoea bali huzidisha. Aliyetetemeka mwaka juzi hubweka na kukwaruza mlango mwaka jana, na mwaka huu huvunja dirisha. Wateja wanaoishi Parklands na Ngara wanalijua hili mapema kuliko sisi wengine, kwa sababu Diwali huwapa onyo mwezi Oktoba au Novemba.

Kuhusu kumbembeleza, mwambie mume wako kwa heshima kwamba hapo hayuko peke yake. Hata baadhi yetu tulifundishwa hivyo. Lakini hofu si tabia ambayo mbwa huichagua ili apewe zawadi. Ukimpa mbwa mkate kila anapokaa chini, atakaa zaidi. Ukimpapasa anapoogopa, haogopi zaidi ili apapaswe tena. Akikufuata na kujibanza miguuni pako, mwache, mshike, ongea naye kwa sauti ya kawaida. Akienda kujificha chini ya kitanda, mwache huko na usimvute. Kinachomwongezea hofu ni kelele zetu sisi, kumgombeza, au kumpeleka kwa nguvu nje "aone kwamba si kitu".

Mnyororo nitaukataa kabisa. Mbwa aliyefungwa anayejaribu kuruka ukuta huishia akining'inia upande wa pili, na hilo si jambo la kufikirika, hutokea. Hata asiponing'inia, atauvuta mpaka aumie shingo, atazunguka mti mpaka asipate pumzi, au avunje meno akitafuna chuma. Kumfungia kwenye kibanda cha mabati nako hakusaidii, kwa kuwa mabati huirudisha sauti na kuizidisha.

Sasa Piriton. Ni dawa ya mzio. Sisi wenyewe huwapa mbwa wenye kuwashwa ngozi, na ni kweli huleta usingizi kidogo. Lakini haigusi hofu. Mbwa aliyepandwa na adrenalini huushinda usingizi huo, na soja akiona hakulala ataongeza vidonge. Dozi ikizidi, mambo hugeuka: moyo kwenda mbio, mwili kutetemeka, pengine degedege. Hatari nyingine ni ya dukani. Soja akikosa Piriton atauziwa dawa ya mafua, na nyingi kati ya hizo zimechanganywa na paracetamol na dawa za kuzibua pua. Zile za kuzibua pua, kama pseudoephedrine, zinaweza kumuua mbwa. Paracetamol, yaani Panadol, ni sumu kwa paka hata kwa kidonge kimoja, kwa sababu ini lake halina uwezo wa kuivunja kama letu.

Wapo pia wanaotafuta kwenye agroveti "sindano ya kulaza" au vidonge vya acepromazine. Hii huulegeza mwili kweli, mbwa hulala chini, macho nusu wazi, na mwenye nyumba hufurahi. Shida ni kwamba masikio yanasikia na hofu ipo palepale. Ni kama kumfunga mtu mikono na miguu kisha kumwacha katikati ya barabara. Haifai kutumiwa peke yake kwa hofu ya kelele. Humshusha pia shinikizo la damu, jambo baya kwa mbwa mzee au mwenye ugonjwa wa moyo.

Dawa zinazosaidia zipo. Daktari anaweza kuchagua trazodone, gabapentin, alprazolam, au mchanganyiko wake, kulingana na umri, ini, figo na moyo wa mbwa. Hizi hupunguza wasiwasi wenyewe, na hutolewa saa moja au mbili kabla ya kelele, si baada ya mbwa kupanda ukutani. Masharti ni mawili. La kwanza, zijaribiwe siku ya kawaida mkiwa nyumbani, kwa sababu mbwa wachache huchangamka au kuwa wakali badala ya kutulia, na hutaki kuligundua hilo ukiwa Kakamega. La pili, msichukue dawa ya maji ya gabapentin iliyotengenezewa binadamu bila kusoma lebo. Baadhi yake imewekwa sukari mbadala iitwayo xylitol, ambayo kwa mbwa hushusha sukari ya damu ghafla na kuharibu ini. Xylitol hiyohiyo imo katika baadhi ya chingamu zisizo na sukari, kwa hiyo angalieni mikoba ya wageni.

Jambo moja wateja wengi hawalitarajii: nitataka kumkagua ule mguu uliojeruhiwa, nyonga na mgongo. Mbwa mwenye maumivu ya viungo huogopa kelele zaidi, kwa sababu kila anapokakamaa kwa mshtuko anaumia, na ubongo huunganisha maumivu na mlio. Simba ana miaka mitano, ana damu ya German Shepherd, na nyonga za jamii hiyo hazina sifa nzuri. Kama alianza kuogopa ukubwani, huenda nusu ya tatizo ni mguu.

Turudi kwenye safari. Njia mlizo nazo ni nne, na hakuna iliyo kamili.

Kumwacha na soja peke yake kwa wiki mbili ndiyo njia mbaya zaidi kwa Simba, hata kama soja ni mtu mwema. Kazi yake ni geti. Saa sita usiku tarehe 31 huenda akafungua geti kumwangalia nani anapiga kelele, na hapo ndipo mbwa hupita.

Kumpeleka Kakamega kuna faida ambayo watu hawaifikirii: vijijini fataki ni chache kuliko hapa. Kuna spika za kesha la kanisa, ni kweli, lakini mlio wa mfululizo humsumbua mbwa kidogo kuliko mlipuo. Ubaya wake ni barabara. Ni zaidi ya kilomita 300, na wiki ya Krismasi foleni ya kutoka Nairobi kuelekea Nakuru mnaijua. Gari lililosimama juani hupata joto haraka hata madirisha yakiachwa wazi kidogo, na mbwa hapoi kwa jasho kama sisi, hupoa kwa kuhema. Kwa hiyo hakuna kumwacha ndani ya gari mkila Naivasha. Asilishwe shibe asubuhi ya safari, apewe maji kila mnaposimama, na ashuke akiwa na kamba, kila mara. Mkifika, kumbukeni kuna kuku wa mama mkwe, kuna mbwa wa majirani wanaozurura, na kuna kupe. Homa ya kupe inaweza kumuua mbwa wa mjini kwa siku chache, basi apewe kinga ya kupe kabla hamjaondoka.

Na kuna kichaa cha mbwa. Hujaniambia chanjo yake ya mwisho ilikuwa lini. Kama ni zaidi ya mwaka, apigwe sasa hivi. Kama hajawahi kuchanjwa, fahamuni kwamba kinga huhitaji wiki tatu hadi nne kujijenga. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu ifikapo 2030, lakini bado tuna kazi. Watoto wakiumwa na mbwa yeyote huko ushago, hata kwa jino dogo, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Msisubiri kuona kama mbwa atakufa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna tiba.

Njia ya tatu ni nyumba za kulaza mbwa. Nzuri zipo, ila mwezi huu hujaa mapema. Nendeni mkaone kwa macho: mbwa wanalala wapi usiku, kuna mtu anayelala hapo, ukuta una urefu gani, na wanamwita daktari gani. Wasipokuuliza cheti cha chanjo ya parvo (virusi vya kuharisha mbwa) na kichaa, ondokeni, maana hawakuwauliza wengine pia. Ulizeni waziwazi: usiku wa fataki mnawaweka wapi? Kama jibu ni "kwenye vibanda vyao kama kawaida", hapo hapamfai Simba.

Njia ya nne ndiyo ningeichagua mimi: ndugu au binamu ambaye Simba anamjua, alale ndani ya nyumba yenu siku zote hizo, na paka abaki naye vilevile. Vijana wa chuo wanaobaki Nairobi Desemba wapo, na malipo kidogo pamoja na friji iliyojaa huwatosha. Mfundisheni dawa mapema na awepo siku ya jaribio. Mkipata mtu huyo, usiku wenyewe hauna maajabu. Simba atembezwe kwa kamba mchana, ale mapema, aende haja kabla giza halijaingia, kisha aingizwe ndani kabla ya saa moja jioni, kwa sababu watu wa fataki hawangoji saa sita. Koridoo au chumba kisicho na dirisha la barabarani ni bora. Mapazia yashushwe, taa iachwe ikiwaka ili mwanga wa nje usimulike, redio icheze muziki wa mfululizo, benga au rumba, kwa sauti ya wastani. Awe na maji, blanketi lenye harufu yenu, na pa kujificha. Milango miwili iwe kati yake na geti. Asubuhi ya tarehe 1 asiachiliwe uani mpaka mtu amekagua, kwa sababu mabaki ya fataki huanguka ndani ya nyua, na wapo watu wanaolipua zilizobaki hata mchana.

Avae mkanda wa shingoni wenye nambari ya simu. Iwe nambari ya huyo aliye Nairobi, si yako wewe uliye Kakamega bila mtandao. Chipu ya chini ya ngozi ni nzuri zaidi kwa sababu haipotei, ila aliyemwokota lazima ampeleke kwa mwenye kifaa cha kuisoma. Akipotea tena, picha yake iwekwe kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa saa ileile, na mtu aende KSPCA, shirika la kutetea wanyama, kule Lang'ata kuangalia mwenyewe badala ya kupiga simu tu. Mkimwona barabarani msimfukuze. Mbwa mwenye hofu hukimbia hata mwenyewe. Chuchumaa, geuka ubavu, muite polepole.

Kumtibu kwa kudumu kunahitaji miezi. Huanza kwa sauti ya fataki iliyorekodiwa, ikichezwa chini mno huku anakula kitu anachokipenda, ikipandishwa taratibu. Msikurupuke na hilo sasa. Mkizidisha sauti kwa haraka mtamharibu zaidi. Januari tukae tupange.

Mifupa. Mume wako ana nusu ya ukweli. Mfupa mbichi na mfupa uliochomwa ni vitu viwili. Moto huukausha na kuufanya mwepesi kuvunjika, nao hupasuka vipande vyenye ncha ambavyo hukwama kooni, hutoboa utumbo, au hujikusanya mwishoni mwa utumbo mpana vikawa kama saruji. Ndiyo, mbwa wengi hula mifupa ya choma na hawapati neno. Tunaowapasua tumboni ni wale wengine, na huwezi kujua Simba ataangukia kundi gani. Zaidi ya mifupa, vipande vya mafuta ya mbuzi anavyotupiwa na kila mgeni huweza kuwasha kongosho, ugonjwa wa maumivu makali na kutapika usiokwisha. Mishikaki humezwa na kijiti chake. Kachumbari na pilau vina vitunguu, ambavyo huharibu chembe nyekundu za damu, na paka huathirika haraka kuliko mbwa. Keki ya Krismasi ina zabibu kavu, ambazo huweza kuziua figo za mbwa, na hakuna kiasi tunachoweza kukuambia ni salama. Kinyunga cha mandazi chenye hamira huendelea kuumuka tumboni na kutoa pombe. Chokoleti huhesabika: gramu 100 za ile nyeusi zina takriban miligramu 500 za theobromine, kemikali ya kakao iliyo sumu kwa mbwa, yaani miligramu 25 kwa kila kilo ya Simba, kiasi cha kutosha kumtapisha na kumpandisha moyo. Ile ya maziwa ina chini ya nusu ya hiyo. Mtoto wa mbwa wa kilo tano akila ile nyeusi yote, anaweza kufa. Wageni wakitaka kumpa kitu, muwe na bakuli la nyama konda isiyo na chumvi, wampe kutoka hapo.

Desemba pia ni msimu wa sumu, kwa sababu wezi wanajua nyumba zimebaki tupu. Mbwa anayetokwa na mate mengi, anayetetemeka misuli, mboni zimekuwa ndogo, kisha anaanguka, mara nyingi amekula nyama iliyotiwa dawa ya wadudu. Dawa hizo hulemaza kimeng'enya kinachozima ishara za neva, mwili ukabaki umewashwa mpaka kifua kishindwe kuvuta hewa. Maziwa hayazimui sumu hii. Ukimnywesha mbwa mwenye degedege maziwa, mafuta au maji ya chumvi, huenda yakaingia mapafuni, na chumvi yenyewe ni sumu nyingine. Tiba ipo, sindano ya atropini, lakini huhesabiwa kwa dakika. Mbebeni muondoke, na mfungashio au kipande cha nyama kikipatikana kije naye ndani ya mfuko.

Paka abaki nyumbani. Yeye hushikamana na mahali kuliko watu, na saa nane ndani ya gari ni mateso bila sababu. Awe ndani usiku wa tarehe 31. Mwombeni binamu ahesabu chakula anachokula: paka asiyekula kwa siku mbili au tatu, hasa mnene, huanza kujaza mafuta kwenye ini, na huo si ugonjwa mdogo. Ua jekundu la Krismasi linaloota kwenye nyua nyingi hapa Nairobi limepakaziwa sifa mbaya kupita kiasi. Utomvu wake huwasha mdomo na kutapisha, basi. Maua ya kuogopa ni yungiyungi (lily) za dukani zinazoletwa kwenye shada. Hata chavua yake paka akiilamba kutoka kwenye manyoya inaweza kumaliza figo zake. Ukiletewa, zipeleke kwa jirani asiye na paka.

Mlete Simba wiki hii, si tarehe 19. Tumpime, tumchanje ikibidi, tujaribu dawa, na nikuandikie karatasi ya binamu yenye kipimo, saa, na dalili za kumkimbiza kliniki bila kunipigia kwanza: kuhema kusikokoma saa kadhaa baada ya kelele, kuanguka, degedege, tumbo kuvimba, kutapika zaidi ya mara mbili au tatu, kujikamua bila kinyesi kutoka, ufizi kupauka, au kukaa siku nzima bila kula. Ulizeni sasa ni kliniki ipi karibu nanyi itakayokuwa wazi tarehe 25 na tarehe 1, na mhakikishe daktari huyo amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, kwa kuwa muuzaji wa agroveti, hata awe mzoefu vipi, si daktari. Njoo na kadi ya chanjo, na kama utaweza, video fupi ya jinsi anavyotembea asubuhi anapoamka.